Krediti Iliyoharibika Marekani: Jinsi ya Kuchagua Kadi Itakayokutoa Ulipo

Simu huanza kuingia Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wametoka zamu ya usiku. "Kaka, nimeomba kadi wamenikataa tena." "Shemeji, wamenipa ya dola mia tatu, niichukue?" "Eti nikilipa lile deni la zamani alama zinarudi palepale?" Nimejibu maswali haya mara nyingi mpaka majibu nayajua kwa moyo, ndiyo maana nimeyaandika. Yanamhusu anayeishi Marekani ambaye aliwahi kuchelewesha bili, au deni lake likauzwa kwa wakusanya madeni, au alitangaza kufilisika, na sasa anatafuta kadi ya mkopo iliyo bora kuliko aliyonayo.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Kadi utakayoipata sasa ni ya kupitia tu, hutaishi nayo. Kwa hiyo unapoitazama, tazama kwanza mlango wa kutokea: amana yako (hela ya rehani unayoweka ili upewe kadi) itarudi lini, na kampuni hiyohiyo ina kadi gani ya kukupandisha baadaye? Kadi isiyo na mlango wa kutokea itakula ada zako miaka mitatu na utabaki ulipokuwa.

Andaa hivi kwanza

- Namba yako ya Social Security, au ITIN (namba ya kulipia kodi) kama huna. Baadhi ya kampuni hupokea ITIN, nyingine hazipokei. Uliza kabla ya kujaza fomu.
- Kipato chako cha mwaka na kodi ya nyumba unayolipa kwa mwezi. Ukiwa na miaka 21 au zaidi unaruhusiwa kuhesabu na kipato cha mwenzi wako, mradi ni hela ambayo kweli unaifikia. Usiongeze sifuri. Kudanganya kwenye fomu ya mkopo ni kosa la jinai.
- Akaunti ya benki yenye angalau dola 200 ambazo unaweza kukaa bila kuzigusa kwa mwaka mzima.
- Kalamu na ripoti zako za krediti zilizochapishwa. Kwenye skrini ya simu macho huruka mistari.

Hatua ya 1: Vuta ripoti zote tatu, uzisome mstari kwa mstari

Ofisi kubwa zinazoweka kumbukumbu za krediti ni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Ripoti zao unazipata bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com. Ukiombwa namba ya kadi ili upewe ripoti ya bure, jua umeingia kwenye tovuti nyingine.

Usidhani zinafanana. Kampuni inayokudai inaweza kupeleka habari zako kwenye ofisi moja na kuziacha mbili. Soma kila moja ukitafuta haya: akaunti usiyoijua, deni moja lililoandikwa mara mbili (kwa kampuni ya kwanza na kwa mkusanya madeni, yote yakionyesha kiasi unachodaiwa), na tarehe ya kuanza kuchelewa iliyosogezwa mbele. Sisi wenye majina matatu tuna tatizo la ziada. Fomu moja imekuandika Juma Ali, nyingine Ali Juma, ya tatu imelifanya jina la babu kuwa ukoo. Matokeo yake faili yako inagawanyika vipande, au inachanganywa na ya mtu mwingine mwenye majina kama yako.

Ukikuta kosa, lilalamikie kwenye kila ofisi ambako limeandikwa, ukiambatisha ushahidi. Kisheria wana siku 30 kwa kawaida kuchunguza na kukujibu. Angalia pia madeni ya hospitali: tangu Julai 2022 ofisi hizi tatu ziliondoa yale yaliyokwisha kulipwa, na Aprili 2023 zikaondoa yaliyoanza chini ya dola 500. Kama bado yanaonekana kwako, lalamika.

Kumbukumbu nyingi mbaya hukaa kwenye ripoti miaka 7 tangu ulipoanza kuchelewa bila kurudi tena kwenye mstari. Kufilisika kwa Chapter 7, yaani kule kwa kufutiwa madeni mengi, hukaa miaka 10 tangu siku ya kufungua shauri. Deni likiuzwa mara tatu, miaka hiyo 7 haianzi upya.

Onyo: usikimbilie kumlipa mkusanya madeni dola ishirini "kuonyesha nia njema" kwa deni la kale. Katika majimbo mengi malipo madogo kama hayo yanaweza kufufua muda wa kukushtaki mahakamani, hata kama muda huo ulikuwa umeshaisha. Uliza kwanza sheria ya jimbo lako inasemaje.

Hatua ya 2: Jua kinachokuvuta chini

Nadharia kidogo tu. Alama za FICO, yaani namba ya kupimia unavyoaminika kukopeshwa, huanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 zinatokana na kulipa kwa wakati, 30 na kiasi unachodaiwa, 15 na umri wa akaunti zako, 10 na maombi mapya, 10 na mchanganyiko wa aina za mikopo.

Historia ya kulipa hupona polepole, kama mfupa. Kiasi unachodaiwa kinaweza kubadilika mwezi huu huu. Kama una kadi ya zamani yenye kikomo cha dola 500 na unadaiwa 450, umeijaza kwa asilimia 90, na kulipunguza deni hilo hadi dola 50 kutakusaidia kuliko kadi yoyote mpya. Fanya hilo kwanza, subiri taarifa mbili za mwezi, kisha rudi hapa.

Na usishtuke programu ya simu ikikuonyesha 640 halafu benki ikasema 612. Programu nyingi za bure huonyesha VantageScore, wakati wakopeshaji wengi hutumia FICO. Ni mizani mbili tofauti.

Hatua ya 3: Chagua aina ya kadi

Milango ni mitatu.

Wa kwanza ni kadi ya amana, ambayo kwenye fomu utaikuta imeandikwa *secured*. Unaweka dola 200, unapewa kikomo cha dola 200. Hela hiyo hailipi bili zako. Inakaa pembeni kama rehani na unarudishiwa ukitoka vizuri. Watu huiogopa ("kwa nini nikope hela yangu mwenyewe?"), lakini kwenye ripoti inahesabika kama kadi nyingine yoyote.

Wa pili ni kadi isiyo na amana inayotangazwa kwa wenye krediti mbovu. Hapa nina kidonda changu. Miaka ya nyuma nilipokea bahasha nzuri yenye jina langu, kikomo dola 300, hakuna amana. Nilifurahi kama mtu aliyesamehewa. Taarifa ya kwanza ilikuja kabla sijanunua hata maji ya kunywa, na tayari ilisema nadaiwa dola 75: ada ya mwaka. Sheria ya mwaka 2009 inasema ada za mwaka wa kwanza zisizidi robo ya kikomo, na robo ya 300 ni 75 kamili. Hawakuvunja sheria. Walisimama ukingoni kabisa. Nafasi yangu ikawa dola 225, na kwenye ripoti nilionekana nimeshatumia asilimia 25 bila kutumia senti. Mwaka wa pili, ambao kinga hiyo ya robo haiufikii, wakaanza kukata na ada ya kila mwezi. Nilipopiga simu kuuliza kama naweza kuhamia kadi nyingine ya kwao isiyo na ada, yule dada wa huduma alikaa kimya kidogo, kisha akasema hawana. Huo ndio ukuta usio na mlango ninaousema. Ningeweka amana ya dola 200, hela ingekuwa bado yangu.

Wa tatu, ambao watu wengi hawaubishi hodi, ni chama cha ushirika cha akiba na mikopo, yaani *credit union*. Unajiunga, unafungua akaunti, unaomba kadi ya amana ya kwao. Vyama vilivyosajiliwa na serikali kuu haviruhusiwi kutoza riba ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka kwenye kadi, wakati kadi nyingi za benki kwa watu wa alama zetu ziko juu sana ya hapo. Na ukikwama, unakwenda dirishani na kuongea na mtu.

Ushauri wangu: mlango wa kwanza au wa tatu. Wa pili uuingie tu kama hauna ada ya mwaka wala ya mwezi, na hizo zipo chache.

Hatua ya 4: Ihoji kadi kabla haijakuhoji

Kila tangazo la kadi lenye fomu ya kuomba lazima liwe na jedwali la riba na ada. Liko chini, kwa maandishi ambayo hakuna anayeyapamba. Acha picha za ndege na fukwe, nenda kwenye jedwali, halafu uliza:

- Inapeleka habari kwenye ofisi zote tatu? Ikipeleka moja tu, unajenga chumba kimoja cha nyumba ya vyumba vitatu. Kama haijaandikwa, piga simu.
- Ada ya mwaka ni sifuri? Ya mwezi je? Kuna "ada ya kushughulikia ombi"? Hiyo ya mwisho ikiwepo, funga ukurasa.
- Baada ya miezi mingapi wanapitia akaunti yako ili wakurudishie amana? Wanaifanya wenyewe au mpaka uombe?
- Wana kadi ya kawaida ya kukuhamishia bila kufungua akaunti mpya?

Swali la tatu na la nne ndiyo yanayotenganisha kadi za kweli na mitego. Kwa mfano, kadi ya amana ya Discover ilikuwa haina ada ya mwaka, amana ikianzia dola 200, na akaunti ilianza kupitiwa baada ya miezi saba. Capital One ina ambayo baadhi ya waombaji huweka dola 49 au 99 tu na kupata kikomo cha 200. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma jedwali la siku unayoomba, si maneno yangu.

Riba? Watu huanza na riba, mimi naiweka mwisho. Ukilipa taarifa yote kila mwezi, manunuzi ya kawaida hayatozwi riba, iwe 18 au 30. Kama unajijua kwamba hutaweza kulipa yote, basi hujafika wakati wa kadi mpya. Na zawadi za asilimia moja au mbili zisikulevye: kwenye kikomo cha dola 200 unazungumzia dola chache kwa mwezi.

Hatua ya 5: Jipime, kisha omba moja

Kampuni nyingi zina ukurasa wa kujipima kabla ya kuomba. Hapo wanakuchungulia kwa namna isiyogusa alama zako. Jipime kwa mbili au tatu, chagua moja, omba hiyo tu. Ombi kamili huacha kumbukumbu kwenye ripoti kwa miaka 2, ingawa FICO huihesabu kwa miezi 12 ya kwanza. Kukubaliwa kwenye kujipima hakukuhakikishii kadi, ila kunapunguza kupiga risasi gizani.

Ruka kampuni ambayo bado inakudai deni la zamani. Wengi wao hawasahau, hata deni likishatoka kwenye ripoti.

Hatua ya 6: Itumie kidogo, kwa tarehe mbili

Hapa ndipo watu wazuri, walipaji wazuri, hujiumiza. Kadi ina tarehe mbili. Ya kwanza ni ya kufunga taarifa. Ya pili ni ya mwisho wa kulipa, na kati yake sheria inakupa angalau siku 21. Kwa kampuni nyingi, kinachopelekwa kwenye ofisi za krediti ni kiasi kilichokuwepo siku ya *kufunga taarifa*.

Tuseme kikomo ni 200. Tarehe 5 umenunua chakula cha dola 160. Taarifa inafungwa tarehe 20. Tarehe 23 unalipa zote, bila kuchelewa hata saa moja. Hutozwi riba, lakini ripoti imeshaandika asilimia 80, na anayeisoma anaona mtu anayezama. Ungelipa 145 tarehe 18, ingeandikwa dola 15, chini ya asilimia 8. Hela ileile, tofauti ni siku tano.

Ninavyofanya: weka bili moja ndogo isiyobadilika, kama ya simu au ya usajili fulani, washa malipo ya moja kwa moja ya taarifa yote, halafu kadi yenyewe iweke kwenye droo. Ukinunua kitu kikubwa kwa dharura, kilipe siku mbili tatu kabla ya taarifa kufungwa.

Onyo kwa sisi tunaotuma hela nyumbani: usitume kwa kadi ya mkopo. Baadhi ya kampuni za kadi huihesabu hiyo kama kutoa fedha taslimu. Unatozwa ada papo hapo, na riba inaanza kukimbia siku hiyohiyo bila zile siku za neema. Nilimsaidia binamu mmoja kusoma taarifa yake. Alikuwa amemtumia mama dola 100 kwa njia hii na hakuelewa kwa nini bado anadaiwa baada ya kulipa dola 100. Tumia akaunti ya benki.

Hatua ya 7: Toka

Ukifikisha miezi sita au saba bila kuchelewa, anza kuuliza. Wengine watakupandisha wenyewe, wengine hadi mwaka. Kubadilishiwa kadi ndani ya akaunti ileile ni bora kuliko kufunga na kufungua nyingine, kwa sababu umri wa akaunti unaendelea.

Kama kampuni haina cha kukupandishia, pata kwanza kadi bora mahali pengine, itumie miezi miwili mitatu, ndipo uifunge ile ya mwanzo. Ukifunga ya zamani kabla ya mpya, kikomo chako kinabaki sifuri. Akaunti iliyofungwa ikiwa safi inaweza kuendelea kuonekana hadi miaka 10, kwa hiyo kuifunga yenye ada si msiba.

Makosa ninayoyaona kila mwezi

"Acha deni kidogo ili alama zipande." Uongo huu una maisha marefu kuliko sisi. Kuacha deni kunaongeza riba tu.

Kumlipa mtu "asafishe krediti." Tangu 1996 sheria ya nchi nzima inakataza kampuni hizi kukutoza kabla hazijafanya kazi, na inakupa siku 3 za kazi kubadili mawazo. Anayetaka dola mia tano leo, kwa ahadi ya kufuta madeni ya kweli, anakuibia. Kulalamikia kosa kwenye ripoti unaweza mwenyewe, bure.

Kumwekea ndugu sahihi ya dhamana wakati na wewe unajiuguza. Najua ilivyo vigumu kumkatalia shemeji. Mwambie ukweli: sahihi yako kwa sasa haimsaidii hata yeye.

Ikikwama

*Nimekataliwa.* Lazima wakutumie barua yenye sababu. Isome, usiitupe; ndiyo mwalimu wa bure pekee utakayempata. Inakupa pia haki ya ripoti ya bure ndani ya siku 60 kutoka ofisi waliyoitumia. Kama sababu ni kushindwa kuhakiki jina au anwani, piga simu uwapelekee vitambulisho kabla ya kuomba kwingine.

*Alama zimeshuka baada ya kupata kadi.* Ombi jipya na akaunti changa hufanya hivyo. Angalia tena baada ya miezi mitatu. Zikiendelea kushuka, tazama kiasi kinachoandikwa siku ya kufunga taarifa.

*Nimechelewa siku tano.* Lipa sasa hivi. Utatozwa faini, lakini hupelekwi kwenye ofisi za krediti mpaka uchelewe siku 30. Kama ni mara ya kwanza, piga simu uombe wakufutie faini. Mara nyingi hukubali ukiuliza kwa upole.

*Sina dola 200.* Mwombe mtu wa karibu, mwenye kadi safi ya muda mrefu, akuongeze kama mtumiaji kwenye akaunti yake. Huhitaji hata kuishika kadi. Lakini yeye akichelewa, inaweza kuonekana kwako pia, kwa hiyo chagua mtu, usichague udugu.

*Kadi haionekani kwenye ripoti.* Subiri taarifa mbili. Ikionekana ofisi moja tu, rudi kwenye swali la kwanza la hatua ya 4.

*Nimepandishwa, amana haijarudi.* Kwanza angalia kama wameiingiza kwenye akaunti ya kadi na kupunguza unachodaiwa. Wengine hufanya hivyo. Kama ni hundi, huenda kwenye anwani iliyoko kwenye faili. Yangu ilikwenda kwenye nyumba niliyohama, ikakaa miezi miwili kwenye sanduku la mpangaji mpya. Badilisha anwani kwanza, hakikisha imebadilika, ndipo uombe kupandishwa.